Albamu ya Kimataifa Haitui Isiolo

Hapa Isiolo tuna uwanja wa ndege wa kimataifa. Ulizinduliwa 2017, na tuliambiwa ndege zitabeba miraa na nyama kutoka hapa moja kwa moja hadi ng'ambo. Uko pale, mzuri, lami nyeusi, ua wa waya. Muulize mtu yeyote wa Bula Pesa ni lini mara ya mwisho aliona ndege kutoka nchi nyingine ikitua. Atakucheka. Mbuzi wanaolishwa kando ya ua huo wamesafiri kuliko uwanja wenyewe.

Nautaja kwa sababu neno "kimataifa" limenichosha, na linanichosha zaidi kwenye muziki. Kila Desemba wasee wa Nairobi wanatoa orodha za albamu bora za mwaka, na sifa kubwa kuliko zote ni ile ile: hii ina sauti ya kimataifa. Mimi nasema albamu zinazopewa hiyo sifa ndizo zisizofika hapa. Hazichezwi kwa matatu, hazichezwi kwa base ya miraa. Zinazofika ni zile ambazo wenyewe hawakujisumbua hata kidogo kama mtu wa Isiolo ataelewa.

Wacha nieleze tunavyosikiliza. Wengi hapa hawana bando za kuchezea, kwa hiyo muziki unanunuliwa kwa flashi. Unaenda dukani karibu na stendi, unampa kijana flashi yako na shilingi 100, naye anakuuliza swali moja tu: "Nikuwekee za wapi?" Hakuulizi za nani. Anauliza za wapi. Za Bongo, za Naija, za Kikamba, za Kisomali, za Oromo, za Eastlands. Kompyuta yake ina folda kwa kila mahali. Sasa jaribu kumwambia unataka albamu ya Kenya yenye sauti ya kimataifa. Ataiweka folda gani?

Midnight Train ya Sauti Sol ilitoka Juni 2020. Nilikuwa nimerudishwa nyumbani kutoka chuo kwa sababu ya korona, na niliisikiliza nikiwa nimekaa juu ya tangi la maji, mahali pekee nyumbani palipokuwa na mtandao wa maana. Nyimbo 13, Universal nyuma yao, Burna Boy ndani, India.Arie ndani, Soweto Gospel Choir ndani. Sitasema ni mbaya, nitakuwa nadanganya. Hao wanaume wanajua kuimba, na Suzanna niliipenda na bado naipenda. Lakini ukiisikiliza yote kwa mkupuo unahisi uko ukumbi wa kusubiri ndege: pasafi, pana baridi, na hujui uko mji gani. Ajabu ni kwamba wimbo unaopumua kuliko zote humo ni Rhumba Japani, ule waliojazana na marafiki zao wa Nairobi na kuimba kama watu walio nyumbani kwao.

Mwaka huo huo Wakadinali wakatoa Victims of Madness. Hapo hakuna mgeni aliyefikiriwa. Scar, Domani Munga na Sewersydaa wanarap Sheng ya Eastlands, nzito kiasi kwamba hata mimi niliyeishi Nairobi nilikuwa nauliza hii ni nini, na hii je. Vijana wa boda wa hapa, wengine hawajawahi kupita Nanyuki, waliikariri. Binamu yangu alikuwa anajua Geri Inengi mwanzo hadi mwisho kabla hajajua Umoja iko upande gani wa Nairobi. Sisemi ni malaika. Sipendi wanavyowaongelea wanawake, na nikikutana nao nitawaambia usoni. Ndani ya Cockpit 3 nayo, ya 2022, ingepunguzwa theluthi moja na hakuna mtu angelia. Lakini wale jamaa hawakutafsiri mtaa wao kwa mtu yeyote, na labda ndiyo maana vijana wa Kambi Garba waliuchukua wakaufanya wao.

Khaligraph Jones anayo hii vita ndani ya kazi zake mwenyewe. Testimony 1990, ya 2018, imebeba mwaka wake wa kuzaliwa kwenye jina, na Kayole iko ndani. Invisible Currency, ya 2022, ni ya mtu anayetaka bara zima limwite mkubwa. Kwa ufundi tu, nadhani ya pili anarap vizuri zaidi. Mimi hurudi kwa ya kwanza.

Na kabla hujaniambia nachukia watu wa gitaa na kompyuta: Blinky Bill mwaka 2023 aliita albamu yake We Cut Keys While You Wait, yale maneno ya mabango ya wachonga funguo. Nilimwonyesha jina hilo fundi wa funguo wa hapa sokoni. Alicheka, akauliza, "Huyo ni mtu wa kazi yetu?" Albamu haijafika kwa flashi, na sidhani itafika, lakini huyo fundi alitaka kuisikia. Jina peke yake lilimfikia.

Sasa albamu niliyoisikia Isiolo kuliko nyingine yoyote miaka hii, na ambayo sijaiona kwenye orodha hata moja ya Nairobi, si ya Mkenya. Ni Maal Mallisaa ya Hachalu Hundessa. Ilitoka 2021, mwaka mmoja baada ya yeye kupigwa risasi akafa Addis Ababa, tarehe 29 Juni 2020. Alifungwa akiwa na miaka 17, akakaa jela ya Ambo miaka mitano, na nyimbo nyingi za albamu yake ya kwanza, Sanyii Mootii ya 2009, alizitunga akiwa ndani. Ya pili, ya 2013, inaitwa Waa'ee Keenya. Kwa Kiborana, ambacho ni ndugu wa damu wa Kioromo cha Ambo, keenya maana yake ni "yetu". Waa'ee Keenya: habari zetu. Na wazee wa hapa, ukiwa unasafiri kwenda Nairobi, bado wanakuuliza, "Unaenda Kenya?", kama nchi nyingine vile. Kwa hiyo sisi tuna mbili, Kenya ya kupanda basi na keenya ya kwenye flashi.

Ambo iko magharibi mwa Addis, mbali kabisa na Waborana. Kuna maneno ya Hachalu ambayo Akko, nyanya yangu, hayajui. Nilimuuliza siku moja kama yanamsumbua. Akaniambia, "Huyu kijana anaongea na watu wake. Mimi nasikiliza nikiwa mlangoni." Wiki ile aliyouawa, Akko hakutaka redio iwashwe kwa muziki wowote.

Mtu wa orodha ataniambia Hachalu si Mkenya. Sawa. Burna Boy ni wa Murang'a?

Sasa nifike kwa jambo linaloniuma, kwa sababu haya yote nisingeyaandika kama yangekuwa ya masikio tu.

Huyo binamu yangu anarap. Anarap Kiborana akichanganya na Kiswahili chetu cha Isiolo, kile ambacho wenzangu chuoni walikuwa wakikiiga ili wacheke. Mwaka 2021, ukame ulipoanza kuuma, alipanda kwa mjomba upande wa Marsabit kusaidia kunywesha mifugo. Visima vya kule ni virefu. Wanaume wanasimama mmoja juu ya mwingine hadi chini kwenye maji, wanapitishiana ndoo mkono kwa mkono, na wanaimba ili mikono isipotezane. Ng'ombe wanajua wimbo wa mwenyewe, wakiusikia wanasogea. Binamu alirekodi kwa simu, akarudi akatengeneza biti juu yake. Mdundo ni ndoo ikigonga kiganja, maji yanayomwagika, pumzi za watu waliochoka. Mimi sijawahi kusikia kitu kama kile, na nimesikiliza vitu vingi.

Akakusanya pesa, akashuka Nairobi, kwa studio moja ambayo sitaitaja. Prodyuza alisikiliza nusu dakika. Akasema atoe hizo kelele, atoe hiyo lugha, aweke kiitikio cha Kiingereza, halafu kitu kitaenda kimataifa. Akampa biti nyingine iliyokuwa tayari kwa mashine.

Ningependa kukuambia nilimtetea. Jioni hiyo tulikunywa chai Eastleigh, akanieleza yote bila kuniangalia, na mimi, msomi wa familia, nikamwambia, "Abo, huyo jamaa anajua soko. Tafuta Kiingereza rahisi." Si hivyo tu. Nilimwandikia kiitikio mwenyewe, mistari minne, kwenye karatasi ya sambusa. Akaenda akakirekodi. Nimeusikiliza tena huo wimbo mwezi jana. Ni mtu aliyekodi suti ya kwenda nayo harusi yake mwenyewe, na suti niliichagua mimi.

Hiyo hoja ya soko tuiangalie basi, kwa sababu nami niliiamini. Kaunti ya Isiolo mwaka 2019 ilihesabiwa watu 268,002. Ni wachache, kweli. Lakini wanaozungumza Kioromo, pande zote mbili za mpaka wa Moyale, ni zaidi ya milioni 30. Kenya nzima hesabu hiyo hiyo ilikuwa milioni 47.6. Yaani binamu yangu aliambiwa aache lugha inayosikika kwa mamilioni ya watu ili aimbe Kiingereza cha kubahatisha, apigane na Wamarekani kwa lugha yao. Hiyo ni hesabu ya soko gani?

Na usiniambie watu hawawezi kucheza kitu wasichokielewa. Kizazi cha wazazi wetu kilicheza Franco bila kujua Kilingala. Sisi tunacheza amapiano hadi asubuhi, na sijaona mtu Westlands akiomba tafsiri ya Kizulu. Samidoh anaimba mugithi kwa Kikuyu na amezunguka nayo Marekani. Prince Indah anaimba Kijaluo. Januari 2025 Bad Bunny alitoa Debí Tirar Más Fotos, Kihispania kitupu, imejaa midundo ya zamani ya kisiwa chao cha Puerto Rico, na katikati ya mwaka akakaa kwao San Juan akapiga shoo mfululizo badala ya kuwafuata watu wa bara. Dunia ikapanda ndege kumfuata. Marafiki zangu wa Nairobi waliniandikia jinsi ilivyo albamu "ya ukweli". Hao hao, ukiwachezea Kiborana, wanauliza, "Hii ni ya wapi tena?" na kupunguza sauti.

Kwa haki, si Nairobi yote imeziba masikio. Ketebul Music, ya Tabu Osusa, imezunguka Afrika Mashariki ikirekodi muziki wa asili, na mradi wao mmoja unaitwa Singing Wells, jina lililotokana na wafugaji wa kaskazini wanaoimba visimani. Nawaheshimu sana. Lakini hiyo ni kazi ya kuhifadhi, na binamu yangu hajafa. Hataki kuwekwa kabatini. Anataka biti yake ipigwe na spika za Probox hadi vioo vitetemeke.

Wala sisemi kila kitu cha lugha ya mama ni kizuri. Harusi za hapa zimenifunza: kinanda kimoja, sauti ya roboti, dakika 9, na jina la bwana harusi limetajwa mara 40. Kuna upuuzi wa kwetu kama ulivyo upuuzi wa kimataifa. Najua pia prodyuza ana kodi ya nyumba ya kulipa, na mtu aliyemlisha ni tangazo la simu, si ndoo za kisimani. Ninachokataa ni ile nusu dakika. Mtu amesafiri karibu kilomita 300, ametoka na kitu ambacho hakipo popote duniani, na wewe unakisikiliza kwa muda wa kufunga kiatu kisha unamwambia akifanye kama vingine vyote.

Nyinyi mnaoandika orodha, Desemba hii acheni kuuliza imesikika hadi wapi. Ulizeni lile swali la kijana wa flashi. Mkikuta albamu haina jibu, iwe imemwita Burna Boy au Beyoncé, ishusheni namba.

Binamu yangu hakutoa wimbo hata mmoja. Alirudi, akaweka nyimbo 11 kwenye flashi, akaanza kuendesha boda. Siku nzima ni Wakadinali na Hachalu, spika imefungwa chini ya usukani kwa mpira wa tairi. Jana nilimpigia nikamuuliza kama ile flashi bado iko. Akanyamaza kidogo. Akasema iko, ila ilinyeshewa, na faili mbili hazifunguki.

"Ni zipi?"

"Ile ya kisima inafunguka," akasema. "Ya kiitikio chako pia."

Nikamwambia alete zote tisa. Ile ya kiitikio changu tutairekodi upya, bila mimi.