Gesi ya Kiyoyozi Haiishi

Ndugu zangu wa Chake, Wete, Mkoani na Konde hapa Pemba, kaskazi inapokaribia mafundi wa friji huitwa huku na huku. Kabla hujamwita wako, naomba tuzungumze kidogo.

Kiyoyozi hakitengenezi baridi. Kinachukua joto la chumbani na kwenda kulimwaga nje, kama mchukuzi wa gatini Mkoani anavyohamisha shehena isiyokuwa yake. Wazee wetu waliijua siri hii kwa mtungi wa udongo: maji yanayopenya ubavuni yakikauka huondoka na joto, ya ndani yakabaki baridi. Katika kiyoyozi kazi hiyo hufanywa na gesi. Hugeuka mvuke kwenye mabomba ya chumbani ikabeba joto. Kompresa huikandamiza ikawa ya moto kuliko hewa ya uani. Huko hulitema joto, ikawa majimaji, ikarudi ndani. Kwa kuwa umeme unahamisha tu, uniti moja huweza kuhamisha uniti tatu za joto. Huko Norwei, nchi iliyosaidia kugharamia waya wa chini ya bahari uliotuletea umeme kutoka Tanga mwaka 2010, mashine ya namna hii hugeuzwa: inachota joto kidogo lililomo katika baridi ya nje na kuliingiza nyumbani.

Sasa tazama: gesi inazunguka, haichomwi kama petroli ya pikipiki. Kiyoyozi kinachodai gesi kila mwaka kimetoboka. Niliwahi kusimama uani nikimtazama fundi akilegeza nati, gesi ikafoka mpaka ikakata, kisha akajaza mpya. Tundu hakuliziba. Nikalipa, na mwaka wa pili nikalipa tena. Kilichoniuma zaidi nilikijua baadaye: kilo moja ya R-410A, gesi iliyomo katika viyoyozi vingi, huipasha dunia joto sawa na zaidi ya tani mbili za kaboni dayoksaidi kwa kipimo cha miaka 100. Ndiyo maana tarehe 15 Oktoba 2016, mjini Kigali, mataifa yalikubaliana kuzipunguza gesi za jamii hii. Na sisi wa kisiwani, ambao maji ya chumvi yameshatuingilia mashamba ya mpunga, tunaijua bei ya joto hilo.

Mafundi wetu, nawaombeni mchangiane mashine ya kunyonya gesi, muikusanye katika mtungi wake badala ya kuiachia hewani. Kituo cha mafunzo ya amali cha Vitongoji kilifanye jambo hilo somo la kila kijana anayeshika spana. Nasi wenye nyumba, tuweke dari chini ya bati kwanza, tupande mti upande wa jua la alasiri, na tukienda dukani tuulize kiyoyozi cha gesi ya R-32, ambayo madhara yake hayafiki nusu ya hiyo niliyoitaja.

Fundi akisema gesi imekwisha, mwambie apake povu la sabuni kwenye maungio, akuoneshe linapotokota. Akishaliziba tundu, ndipo ajaze.