Nani Anapima Bati la Kyerwa?

Nikitaja bati darasani, wanafunzi huinua macho kutazama paa. Si kosa lao. Lugha yetu imelipa jina moja karatasi ya chuma iliyopakwa zinki na metali inayoyeyushwa kuunganisha vipande vya ndani ya simu zao. Ninayoizungumzia ni hii ya pili. Mbale yake, kasiteriti, huchimbwa Kyerwa na Karagwe, katika ukanda wa miamba unaofika kusini magharibi mwa Uganda, Rwanda, Burundi na mashariki ya Kongo.

Mchimbaji wa huko hufuata mishipa ya kwatzi iliyokatiza miamba, au huosha mchanga wa vijito ndani ya karai. Kasiteriti ni nzito zaidi ya kwatzi kwa mara mbili na nusu, basi maji huchukua mchanga na chembe nyeusi hubaki chini. Mpaka hapo yeye ndiye bingwa. Ubingwa huo hukoma mbele ya mnunuzi, kwa kuwa bei haitegemei kilo peke yake. Kasiteriti safi ina takriban asilimia 78 ya bati. Iliyochanganyika na chuma au mchanga ina pungufu, na jicho haliwezi kusema ni kiasi gani. Mwenye kipimo ndiye anayetamka bei.

Juu ya hayo kuna karatasi. Mwaka 2010 Marekani ilipitisha sheria ya Dodd-Frank, ambayo kifungu chake cha 1502 kinayataka makampuni yaeleze iwapo bati, tantalamu, tungsteni na dhahabu wanazotumia zimetoka Kongo au nchi zinazopakana nayo. Sisi tunapakana na Kongo ndani ya Ziwa Tanganyika. Kyerwa, isiyo na vita, ikaingizwa katika shaka ileile ya Kivu. Desemba mwaka huohuo wakuu wa nchi za Maziwa Makuu wakakubaliana, kwa Azimio la Lusaka, juu ya hati ya uasilia wa madini. Lengo siligombi. Nagombea gharama yake, ambayo hushuka ngazi kwa ngazi hadi kwa mtu aliye ndani ya duara. Na hati ikichelewa, Mto Kagera hauchelewi: Murongo na Kikagati ya Uganda zinatazamana.

Ndiyo maana hotuba za kukemea utoroshaji hunichosha. Mwaka 2019 serikali ilifuta VAT ya asilimia 18 na kodi ya zuio ya asilimia 5 kwa wachimbaji wadogo, ikaanzisha masoko ya madini. Hatua hizo zilisaidia kuliko kemeo lolote, maana zilipunguza faida ya kuvuka mto. Kilichobaki ni kusogeza kipimo karibu na shimo, matokeo yasomwe mbele ya muuzaji na apewe nakala, kisha gunia lifungwe lebo palepale, kabla dalali hajaligusa. Watumishi wa umma mnaonisoma, je, mchimbaji wa Kyerwa akikataa asilimia aliyotajiwa na mnunuzi, aende dirisha gani leo, na atasubiri siku ngapi?