Kamera isitupofushe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nitoe maoni yangu kuhusu kamera zinazofuata nyendo za panya wa maabara.

Mimi ni mtunza panya wa utafiti. Zamani tulichora miraba ndani ya sanduku, tukahesabu kwa macho panya amevuka mingapi. Tulichoka, tukakosea. Sasa zipo programu kama DeepLabCut, iliyotolewa mwaka 2018, zinazofuata hata pua na mkia. Kamera hukesha usiku, panya wanapochangamka nasi tumelala. Nazipongeza.

Lakini panya asiyesogea huenda anaogopa, anasinzia au anaumwa. Juzi kompyuta ilionyesha mmoja katulia. Nilipomshika, nikakuta mguu umevimba.

Ndugu watafiti, kabla ya kuamini hesabu, fungueni sanduku mwangalie. Panya mgonjwa akihesabiwa mzima, tutakaodanganyika ni sisi tunaosubiri dawa.

Mtunza Panya,
Dar es Salaam.