Goethe ni chama, na sisi tunachanga. Kiti chetu kiko wapi?

Uliza mtu yeyote anayesoma Kijerumani hapa Nairobi pointi za kupita B1 ni ngapi. Atakujibu akiwa amelala: 60 kwa 100, kila sehemu. Sasa muulize bosi wa Goethe-Institut ni nani. Si yule wa kaunta pale Maendeleo House, bosi mwenyewe, wa Munich. Kimya.

Haya, wacha nikupe. Rais ni Gesche Joost, profesa wa dizaini kutoka Berlin, ameingia Novemba 2024. Aliyemtangulia ni Carola Lentz, mwanaanthropolojia aliyefanya utafiti Ghana miaka mingi. Kabla yake Klaus-Dieter Lehmann alikaa miaka 12, na kabla ya Lehmann alikuwepo Jutta Limbach, ambaye aliwahi kuongoza Mahakama ya Katiba ya Ujerumani. Urais ni kazi ya heshima. Anayesukuma mambo ya kila siku ni katibu mkuu, na kiti hicho Johannes Ebert alikikalia mwaka 2012.

Ukiangalia hiyo orodha, ni watu wenye vichwa, sikatai. Lakini hakuna hata mmoja aliyewahi kupanga bajeti ya nyumba nzima kwa sababu ya mtihani wa Kijerumani.

Wengi wetu hudhani Goethe ni ofisi ya serikali. Si serikali. Tangu 1951 ni chama kilichosajiliwa, chenye wanachama, mkutano mkuu na bodi, kama chama cha mathe yako, tofauti ni ukubwa wa kapu. Kina mkataba na Wizara ya Mambo ya Nje ya Ujerumani tangu 1976, na pesa nyingi hutoka huko. Lakini karibu theluthi moja ya bajeti wanajitafutia wenyewe, na sehemu kubwa ya hiyo ni ada za masomo na mitihani. Yaani wewe. Yaani yule nesi anayetoka zamu ya usiku na kuingia darasani asubuhi, na yule kijana ambaye familia ilichangishana kwenye WhatsApp ndio afanye B2.

Sasa twende kwa chama cha mathe. Kule, anayechanga ana sauti. Hata kama anachanga kidogo kuliko wengine, siku ya mkutano anasimama na kuuliza pesa ilienda wapi. Kwa Goethe, Wizara ya Mambo ya Nje ina mtu kwenye bodi. Wizara ya Fedha ina mtu. Wafanyakazi wana watu wao, na ni haki yao. Mwanafunzi wa Nairobi, Accra ama Manila ana nini? Ana risiti.

Na msiniambie kila mtu duniani anabeba huu mzigo sawasawa. Tangu 2007, ukitaka kumfuata mume ama mke wako Ujerumani, kwa kawaida lazima uonyeshe A1 kwanza. Mmarekani hahitaji. Mjapani hahitaji. Mkenya anahitaji. Sheria hiyo ilitungwa na serikali, si Goethe, tuwe wakweli. Lakini mlango ukishafungwa, Goethe ni mmoja wa wanaouza ufunguo, na ufunguo wa A1 ukikosa kufungua, unarudia mtihani mzima. Unalipa tena.

Halafu Septemba 2024 mkataba wa kazi ukatiwa sahihi kule Berlin, Ruto na Scholz wakishuhudia. Tangu siku hiyo mtaani ni Guten Tag kila ghorofa. Kila mtu ana binamu anayesoma. Kwa hivyo hii theluthi tunayoichangia haitapungua karibuni.

Mtu ataniambia, buda, tulia, hao ni watu wa utamaduni, wanasikiliza. Sawa. Mwaka 2023 uongozi ulitangaza unafunga Bordeaux, Lille, Turin, Genoa, Trieste, Rotterdam, Osaka, Washington na kwingine. Hesabu zilikuwa ngumu, naelewa, gharama zimepanda na bajeti ya Berlin imebana. Lakini watu wa hiyo miji walipiga kelele uamuzi ukiwa tayari umefanywa. Kama Mwitaliano, jirani kabisa, alibaki kuandika barua za kulalamika, wewe wa Umoja unafikiri siku ya Nairobi utapigiwa simu ya kwanza?

Kuna jambo lingine linanichoma, na hili si la ada. Goethe ya hapa ilisaidia mradi mzuri sana pamoja na Makavazi ya Taifa na wasanii wetu wa Nest, wa kutafuta vitu vya Kenya vilivyo kwenye makumbusho ya nje. Walipata zaidi ya 32,000. Kazi safi, napiga saluti. Sasa cheki: rais wa Goethe wakati mradi unaanza alikuwa Lehmann, na kabla ya hapo Lehmann aliongoza taasisi ya Berlin inayomiliki makumbusho yaliyojaa vitu vya Afrika. Sisemi yeye ndiye aliyevibeba. Nasema ukichagua viongozi kutoka chumba kimoja, aliyekuwa ameshika funguo za stoo jana ndiye leo anayesimamia mazungumzo kuhusu stoo. Neno lao pendwa ni mazungumzo. Mazungumzo ya watu wangapi?

“Lakini ni kodi ya Mjerumani.” Ndiyo, theluthi mbili hivi. Basi Mjerumani achukue viti vingi, nani amekataa? Mimi naomba viwili kwenye bodi, vya watu waliolipia na kufanya mtihani nje ya Ulaya, wachaguliwe na wanafunzi wenyewe, si kuokotwa kwa ajili ya picha. Na kila mwaka kila mji uambiwe ada zilizokusanywa pale ni ngapi na zimefanya nini. Joost amekaa kwenye bodi ya SAP, kampuni ya kuuza programu dunia nzima. Hesabu za mteja hazimtishi.

Kwenye mtihani wa B2 kuna sehemu unakaa na mwenzako mezani, unatoa maoni yako kwa Kijerumani na kuyatetea. Tumefundishwa, tumelipia, tuko tayari. Munich watamtuma nani akae upande ule mwingine?