Asiye na cheti asiugue?

Ndugu mwandishi mmoja ameandika kwamba usahaulifu baada ya Uviko ni kisingizio cha wavivu, na asiye na cheti cha maambukizi anyamaze. Cheti kipi? Takwimu za Tanzania zilisimama 2020, kwenye wagonjwa 509, zikarejea 2021.

Eti hatuna vipimo! Hapo Hai, Kilimanjaro, tu, wazee wasiojua kusoma wamepimwa akili kwa kupanga njiti za kiberiti kufuata mfano na kutaja wanyama kwa dakika moja. Kweli, kipimo hicho kilitungwa kwa maradhi ya uzeeni. Mwalimu wa miaka 35 mwenye usahaulifu baada ya Uviko anaweza kukifaulu, kisha daftari la mahudhurio limshinde. Basi kiongezewe makali, na apimwe pia damu, tezi ya shingo, usingizi na sonona, maana kasoro zake nyingi zinatibika. Dawa ya usahaulifu wenyewe bado haijapatikana. Lakini mwalimu huyo kupunguziwa vipindi kunawezekana hata Jumatatu.