Mihadhara ya Dar es Salaam na Saa ya Maswali

Kabla sarafu haijachukua nafasi yake mwaka 2014, noti ya shilingi 500 ilikuwa na picha ya Ukumbi wa Nkrumah wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mama lishe wa Kariakoo, kondakta wa daladala na mtoto aliyetumwa dukani, wote wameushika ukumbi ule mkononi. Wengi wao hawajawahi kukaa ndani yake wakamsikiliza msomi, ingawa matangazo ya mihadhara ya pale husema wazi kwamba wote wanakaribishwa na hakuna kiingilio.

Jiji lililohesabiwa watu 5,383,728 kwenye sensa ya 2022 halina njaa ya mihadhara. Mlimani, kilipo chuo hicho, ipo. Kavazi la Mwalimu Nyerere, pale Tume ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH), Kijitonyama, limekuwa likiandaa mazungumzo ya kitaaluma. Mikocheni kuna Soma, mgahawa wa vitabu, na taasisi za utafiti na vituo vya utamaduni vya nje havikosi mgeni wa kuzungumza. Ukikaa kwenye mihadhara hii, hata hivyo, utaona nyuso zilezile: wahadhiri, wanafunzi walioletwa na mwalimu wao, watumishi wa mashirika, waandishi wa habari, mabalozi wawili watatu. Swali ni kwa nini mlango ulio wazi hauingiwi na watu wa jiji.

Jibu linalotolewa haraka ni kwamba wananchi hawapendi mambo mazito, kwamba ukitaka kuwakusanya ulete mpira au muziki. Jibu hilo ni la uonevu, na historia ya jiji hili inalikataa. Machi 1995 Mwalimu Nyerere alizungumza na waandishi wa habari katika Hoteli ya Kilimanjaro kuhusu nyufa zilizojitokeza katika taifa: Muungano, udini, ukabila, rushwa. Ilikuwa hotuba ndefu, isiyo na mzaha mwingi, yenye hoja juu ya hoja. Hadi leo watu waliozaliwa baada ya siku ile wanaisikiliza kwenye simu zao na kubishana juu yake. Miaka ya 1980 na 1990 wahubiri wa Kiislamu waliokuwa wakilinganisha Biblia na Kurani hadharani walivuta umati mkubwa viwanjani. Mihadhara ile ilizua malalamiko na mvutano, na serikali ikaingilia kati. Lakini hakuna awezaye kusema wale waliosimama saa nzima kufuata hoja ya aya kwa aya walikuwa watu wasiopenda kufikiri.

Kwa hiyo hamu ipo. Kinachohitaji kuchunguzwa ni namna mihadhara inavyoandaliwa.

Wapenzi wa Mlimani hupenda kurudi kwenye miaka ya mwanzo, na wana sababu. Chuo kilianza mwaka 1961 katika jengo la chama cha TANU mtaa wa Lumumba, kikahamia Mlimani mwaka 1964. Miaka michache baadaye Dar es Salaam ilikuwa makao ya vyama vya ukombozi vya kusini mwa Afrika, na chuoni palikuwa na Walter Rodney, Mguyana aliyefundisha historia na ambaye kitabu chake kuhusu jinsi Ulaya ilivyoidumaza Afrika kilitoka mwaka 1972. Wanafunzi wa umoja wa kimapinduzi, USARF, waliendesha madarasa ya itikadi siku za Jumapili na kuchapisha jarida lao, Cheche. Maneno yalikuwa na uzito kiasi cha kuwakera wakubwa: Desemba 1969, baada ya Rodney kuzungumza kwenye semina ya vijana, gazeti la TANU, The Nationalist, lilimkemea kwa tahariri kali, na mwaka uliofuata USARF na Cheche vikapigwa marufuku.

Enzi ile inastahili heshima, lakini kuipamba kupita kiasi kunaficha jambo moja. Mabishano yale mazuri yalikuwa ya wachache, wengi wao wanafunzi na walimu wao, na kwa sehemu kubwa yalifanyika kwa Kiingereza, juu ya kilima kilicho umbali wa kilometa 13 hivi kutoka katikati ya jiji. Mfanyakazi wa kiwanda cha nguo cha Ubungo aliyekuwa akizungumziwa kwenye nadharia za tabaka alikuwa jirani wa chuo, na bado hakuwa mwenyeji wa mjadala. Mlimani ilipoanzisha Kigoda cha Mwalimu Nyerere cha Umajumui wa Afrika mwaka 2008, Profesa Issa Shivji akiwa wa kwanza kukikalia, na mwaka uliofuata mwandishi wa Nigeria Wole Soyinka akaja kutoa mihadhara, wengi walisema roho ya zamani imerudi. Ilirudi kweli. Ila na umbali wake ulirudi nayo.

Umbali huo kwanza ni wa saa. Mihadhara mingi huwekwa siku ya kazi, asubuhi au alasiri, kwa sababu ndiyo saa ya waandaaji kuwa kazini. Mijadala ya kifungua kinywa ya Policy Forum, mtandao wa asasi za kiraia, ambayo kwa miaka mingi ilifanyika Ijumaa ya mwisho wa mwezi kuanzia saa moja na nusu asubuhi, iligusa bajeti, kodi na rasilimali, yaani mambo yanayomhusu kila mtu mwenye duka. Lakini saa moja na nusu mwenye duka anafungua duka. Mkazi wa Chanika au Mbagala anayetaka kufika katikati ya jiji saa hiyo, na kubadilisha gari njiani, anatoka nyumbani gizani. Anayekwenda kwenye mhadhara wa alasiri Mlimani anajua kwamba ukiisha magharibi atagombania daladala Mwenge au Ubungo pamoja na watu wote waliotoka kazini. Mwanamke mwenye watoto hupiga hesabu hiyo kabla hata hajasoma mada.

Kisha lugha. Hapa kuna hoja ya upande wa pili inayopaswa kusikilizwa: mgeni anayetoka Lagos au Delhi hajui Kiswahili, na baadhi ya taaluma zimefikiriwa kwa Kiingereza kwa muda mrefu kiasi kwamba msemaji mwenyewe hukwama akibadili lugha. Ni kweli, lakini tatizo hili ni la kale na limewahi kushughulikiwa. Chuo cha Gresham jijini London, kilichoanza mwaka 1597 kutokana na wosia wa mfanyabiashara Thomas Gresham, kilitoa mihadhara ya bure kwa watu wa jiji wakati usomi wa Ulaya ulikuwa ukifanywa kwa Kilatini. Mihadhara ilitolewa kwa Kilatini na kwa Kiingereza pia, ili mfanyabiashara na baharia wapate chao. Dar es Salaam ina wakalimani na ina walimu wa Kiswahili wanaoweza kuandaa muhtasari wa kurasa mbili ukagawiwa mlangoni. Anayezungumza kwa Kiingereza mbele ya ukumbi ambao wote wanajua Kiswahili, yeye mwenyewe akiwemo, hana udhuru wa mgeni.

Pamoja na hayo yote, jambo linaloumiza zaidi ni dogo zaidi, nalo ni saa ya maswali. Mhadhara wa saa mbili huanza dakika arobaini baada ya muda uliotangazwa, kwa kumsubiri mgeni rasmi. Mshereheshaji anatambulisha meza kuu mmoja mmoja. Mkuu wa taasisi anamkaribisha anayemkaribisha mgeni rasmi. Kila anayesimama anasema itifaki imezingatiwa, kisha anaizingatia upya. Msemaji mkuu anapata kipaza sauti watu wameshachoka, naye ana slaidi hamsini. Mwisho mshereheshaji anatazama saa: "Kwa sababu ya muda tutachukua maswali matatu, kwa ufupi sana." Kipaza sauti kinakwenda mstari wa mbele, kwa profesa anayejulikana kwa jina, ambaye hana swali bali ana mchango. Kijana aliyenyoosha mkono nyuma, aliyekuja na karatasi yenye maswali aliyoyaandika tangu nyumbani, anaikunja na kuitia mfukoni, na tayari watu wanaitwa nje kwa picha ya pamoja. Kijana huyo hatarudi, na hakuna haki ya kumlaumu.

Waandaaji husema ukiwaachia watu kipaza sauti wanahutubia, wanatoka nje ya mada, wanaleta siasa. Wengine wana hofu yenye msingi. Novemba 2, 2014, katika hoteli ya Blue Pearl, Ubungo, mdahalo wa Taasisi ya Mwalimu Nyerere kuhusu Katiba Inayopendekezwa ulivunjika kwa fujo za vijana wakati Jaji Joseph Warioba, aliyekuwa mwenyekiti wa Tume ya Mabadiliko ya Katiba, akizungumza. Viti vilirushwa, na mzee akatolewa ukumbini chini ya ulinzi. Baada ya tukio kama hilo ni rahisi kuelewa mwandaaji anayechagua mada laini na orodha ya waalikwa. Hata hivyo fujo zile hazikutokana na wasikilizaji kuuliza maswali mengi mno. Zilitokana na watu waliotaka maswali yasiulizwe kabisa, na kuwanyamazisha wasikilizaji wengine hakuwezi kuwa dawa yake.

Mabibo kuna mfano wa karibu wa namna nyingine. Mtandao wa Jinsia Tanzania, TGNP, ulioanzishwa mwaka 1993, umekuwa na semina zake za jinsia na maendeleo kila Jumatano, zilizo wazi kwa yeyote. Mada ni bajeti, maji, ukatili, ardhi. Lugha ni Kiswahili. Mtoa mada huzungumza, kisha wanawake na wanaume kutoka mitaani, baadhi yao wakiwa wanachama wa vituo vya taarifa na maarifa vya kata zao, wanazungumza kwa muda mrefu kuliko yeye. Mtu anaeleza kisima cha mtaani kwake kilivyokauka na mtaalamu wa bajeti ya maji analazimika kuandika. Elimu inakwenda pande zote mbili.

Nairobi nako, katika bustani ya Jeevanjee, Bunge la Mwananchi limekuwa likijadili siasa na uchumi tangu miaka ya 1990 bila meza kuu wala bahasha ya posho. Bahasha si jambo la kupuuza Dar es Salaam: mwaliko ukitoka, wapo wanaouliza kwanza kama kuna nauli. Kwa asiye na kipato, nauli ni halali. Lakini posho ya kukaa imewazoesha waandaaji kuhesabu sahihi kwenye fomu ya mahudhurio badala ya kuhesabu waliosema kitu, na imewazoesha wahudhuriaji kukaa kimya hadi fomu ipite.

Mabadiliko yanayotakiwa hayahitaji jengo jipya. Ukumbi wa Nkrumah ungeweza kufunguliwa Jumamosi asubuhi mara moja kwa mwezi. Mgeni anayezungumza Mlimani Alhamisi angeweza kupelekwa kesho yake Temeke au Mbagala, kwenye ukumbi wa shule, akiwa na mkalimani na bila meza kuu. Ratiba inayotangazwa ingeandika muda wa maswali kama inavyoandika muda wa msemaji, nusu kwa nusu, na mshereheshaji akaagizwa kuanzia mstari wa nyuma.