PANYA, MUHOGO NA MIGUU YA WATOTO WETU

Wako watu wanaocheka wakisikia kwamba mtaalamu mzima anashinda kutwa akilisha panya na kuandika jinsi wanavyotembea. Hudhani huo ni mchezo wa mataifa tajiri. Ndugu wananchi, mchezo huo wahusu miguu ya watoto wetu.

Upo ugonjwa uitwao konzo. Jina ni la Wayaka wa Kongo, na maana yake ni miguu iliyofungwa. Mtoto au mama hushikwa ghafula, miguu yote miwili ikakakamaa, wala haifunguki tena maisha yake yote. Daktari Trolli aliuandika huko Kongo mwaka 1938. Mwaka 1981 uliwapiga watu zaidi ya 1,000 katika Nampula, Msumbiji. Mwaka 1985 ulibisha hodi kwetu Tanzania, wilayani Tarime. Huzuka penye ukame au vita, pasipo chakula ila muhogo mchungu, na njaa haingoji muhogo ulowekwe sawasawa.

Muhogo huo una sumu ya sianidi. Lakini mamilioni wanaula, nao hawalemai. Mbona hawa walemae?

Hapo ndipo panya anapoingia, maana binadamu hapewi sumu ili atazamwe. Mwaka 1999 Tor-Agbidye na wenzake wa Oregon, Marekani, walieleza jinsi walivyowapa panya sianidi. Panya walionyimwa viini vya chakula vyenye salfa, vile vipatikanavyo katika samaki, nyama na mayai, walizidi kuwa na sianeti katika damu, nayo ni sumu idhuruyo mishipa ya fahamu. Kumbe mwili huhitaji salfa ili kuvunja makali ya sianidi. Daktari Tshala-Katumbay, mwana wa Kongo, ameiendeleza kazi hiyo kwa panya, na pia kwa watoto wa Kahemba. Huko ilionekana mwaka 2013 kwamba hata watoto wa nyumba zenye konzo ambao hawajalemaa, akili zao zimepungua wepesi.

Kweli, panya si mtu, na siri ya konzo haijafunuliwa yote. Lakini ushahidi wake watosha kuwajibu wale wanaomwambia mkulima aache muhogo. Ale nini, mvua ikikataa? Mshtakiwa si muhogo peke yake. Mwenziwe ni umaskini wa kitoweo.

Konzo haina dawa ya kuiondoa, kwa hiyo yatupasa kuizuia. Muhogo mchungu ulowekwe siku kadhaa. Na unga wake, kama alivyoonyesha Profesa Bradbury wa Australia, uchanganywe na maji, utandazwe mwembamba juani saa 2, au kivulini saa 5, sumu iruke, kisha usongwe ugali siku ile ile. Na pembeni ya ugali pawe na dagaa, yai au kunde.

Nao wasomi wetu tunawaambia hivi: elimu iliyopatikana kwa panya isilale katika makabati ya vyuo. Iletwe kijijini kwa lugha ya kijijini, kwa mama anayetwanga makopa. Na serikali zetu ziwape vijana wetu maabara, wayachunguze maradhi yetu hapa hapa. Mtoto wa Tarime au Kahemba hana haja ya kusifiwa uvumilivu wake. Ana haja ya kutembea.